Betri Iliyo Chini ya Kitanda cha Mama

Murukulazo,
Ngara, Kagera.
Jumapili, 13 Julai 2025.

Mpendwa Shemeji Leonidas,

Shikamoo, shemeji. Naandika nimekaa kwenye benchi la nje, jua ndiyo kwanza limeshinda ukungu, na kabla ya jambo lolote nataka kujua hali yako. Kile kifua cha vumbi la korosho kimepona? Gaspari aliniambia ulipopiga mara ya mwisho ulikuwa unakohoa katikati ya maneno. Unakula vizuri? Unalala pazuri? Nasikia joto la huko Mtwara halina likizo. Sisi Julai hii tunavaa masweta mpaka saa nne, na asubuhi ukitazama bondeni huoni mgomba hata mmoja.

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Gaspari mzima, bado ni katekista na bado anazunguka vigango vyake, ila siku hizi anakwenda kwa miguu, na sababu utaisikia. Zita yuko darasa la tatu na amekuwa na maneno mengi kuliko mimi, wanasema amerithi. Maharage tumevuna, si haba. Kahawa iko kwenye mikeka. Yule mbuzi mweusi alizaa mapacha, mmoja hakusimama.

Mama yupo. Presha inapanda na kushuka, masikio yamekuwa mazito, lakini akili yake iko timamu kuliko ya sisi wote hapa. Hakuna chakula kinachopita mbele yake bila kukutaja. Akipewa ndizi atasema Leonidas alipenda zile zilizoungua kidogo chini ya sufuria. Huwa namwambia basi tumpelekee kwa posta, naye anacheka.

Sasa shemeji, kaa chini kwanza. Nilikutumia meseji mwezi uliopita kwamba betri ya baiskeli imevimba na Mama hataki itoke ndani, ukanijibu, poleni sana, nitapiga. Sikulaumu. Meseji mtu anaisoma amesimama, gunia liko begani, anajibu anaendelea. Ukapiga kweli, ukaongea na Gaspari, naye akakwambia mambo yote shwari, betri inataka kuangaliwa kidogo tu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na mwiko mkononi. Huyu mdogo wako anafundisha watoto amri ya nane kila Jumamosi, lakini ukweli ukiwa mchungu yeye anaumeza na maji. Anaona haya kukwambia kwamba zawadi yako imeharibikia mikononi mwetu. Mimi haya yamenitoka. Naogopa, shemeji. Naogopa mpaka nimeanza kuogopa hata mlio wa sufuria.

Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana yanayofuata hayaeleweki bila hayo.

Unakumbuka ulivyoinunua ile baiskeli ya umeme kwa yule mtu aliyekuwa anahama, ukaituma. Dereva wa lori la kwenda Rusumo aliishusha Benaco, Gaspari akaenda kuipokea, akarudi nayo amekaa juu yake. Milima yetu unaijua, hata kijana anashuka anasukuma baiskeli ulimi nje. Yeye alipanda amekaa wima, hanyongi, anapiga kengele. Watu waliacha majembe wakaja barabarani kuona katekista anapandishwa mlima na kitu kisichoonekana. Kuna mama mmoja alipiga ishara ya msalaba. Mimi nilijitia sijali, lakini moyoni nilijisikia mke wa mtu mkubwa.

Mama alilia. Alizunguka ile baiskeli akaishika kila mahali, akauliza nguvu yake iko wapi. Gaspari akafungua kwa ufunguo, akamtolea betri, akamwambia nguvu yote iko humu, vingine vyote ni vyuma tu. Nadhani shida yetu ilianzia hapo hapo. Tangu siku ile Mama hakuitazama tena baiskeli. Aliona Leonidas ametuma betri.

Jioni ukapiga ukatuambia betri si mpya, tuitunze, isinyeshewe, isiachwe nje kwenye baridi, ilale ndani. Maneno mazuri tu. Gaspari alimrudishia Mama kwa sauti kubwa, na Mama akayapokea kama alivyopokea katekisimu zamani, bila kupunguza wala kuuliza. Unajua hapa kwenu kitu cha thamani hulala chumbani kwa Mama, kwa kuwa kwa Mama hakuibiwi. Mbegu hulala huko, hati ya shamba hulala huko, kitenge changu kipya hulala huko. Betri nayo ikaingia chini ya kitanda. Na kwa sababu ulisema isipate baridi, Mama akatoa lile blanketi la kijivu alilopewa kwenye matanga ya baba, akaifunga.

Sisi tuliona ni vituko vya mtu mzima. Tulicheka, tukaacha. Kumbe hata inapochajiwa alikuwa haifunui. Waya umepita kwenye mkunjo wa blanketi, yenyewe imefunikwa gubigubi. Siku moja nilipita kufagia nikaigusa, nikakuta ina joto la mtu mwenye malaria. Nikamwambia. Akanijibu kwamba joto ndiyo dalili imeshiba, niache kuishikashika. Mimi ni nani? Niliendelea kufagia.

Na usidhani ni Mama peke yake. Baada ya miezi kadhaa betri ilianza kumwachia Gaspari njiani, tena katikati ya mlima, na Jumapili moja alifika kigangoni watu wameshaanza kutawanyika. Sasa wewe umekulia hapa, unajua tunavyofanya betri za redio zikilegea. Tunazianika. Baba yenu alizipanga juu ya bati kila asubuhi, na mchana redio ikasema tena. Ndugu yako akafanya hivyo hivyo. Akaitoa betri akaiweka kwenye mkeka, pembeni ya kahawa, jua la kiangazi likaipiga tangu asubuhi mpaka jioni, siku kadhaa mfululizo. Mimi mwenyewe nilikuwa naigeuza nikigeuza kahawa. Niliona mume wangu ana akili.

Ilipovimba tulidhani tunaona vibaya. Ganda liliinuka katikati kama andazi, halafu kwenye kiungio pakaachana. Haikuingia tena mahali pake kwenye baiskeli. Ikaanza harufu, shemeji, harufu tamu, kama ya rangi ya kucha. Zita alikuja kuniambia chumbani kwa bibi kunanukia vizuri. Ni neno la mtoto, lakini nywele zilinisimama.

Gaspari akasema aipeleke Biharamulo kwa fundi. Alimwomba Mama ruhusa kama mtu anayeomba kumpeleka mgonjwa hospitali, na Mama akakubali kwa sharti irudi. Akaitia kwenye mfuko wa shule wa Zita, akapanda basi. Fundi mwenyewe anaitwa Rwekaza, ana kibanda karibu na soko, anatengeneza redio na sola. Gaspari anasema alipofungua zipu, yule bwana alirudi nyuma mpaka akagonga meza yake. Alimwambia atoke nayo nje. Si kesho, sasa hivi. Akamfuata mpaka uwanjani na kumweleza wakiwa wamesimama mbali na mfuko, kwamba yeye si mtu wa betri hizi na hazijui vizuri, lakini aliona moja ya namna hii ilivyoungua kwa mteja wake mmoja. Ilianza kwa kufuka moshi, na kabla mtu hajamaliza kuita jina la mwenzake moto ulikuwa juu ya dari. Akasema isichajiwe tena, isifunikwe, isitobolewe, isianguke, isikae kwenye nyumba wanayolala watu. Iwekwe nje, mbali, juu ya mchanga. Na ikianza kutoa sauti watu wasisogee kutazama, wakimbie.

Gaspari akamwomba abaki nayo. Akakataa katakata, ana watoto na kibanda ni cha mbao. Basi mume wangu akarudi nayo kwenye basi, kwa sababu alikuwa amemwahidi Mama na kwa sababu hakujua pa kuitupa. Watu wanakula mahindi ya kuchoma, kuna mama ananyonyesha kiti cha mbele, yeye amebana ule mfuko kati ya miguu anasali rozari kimoyomoyo. Kila shimo la barabara anasema alikufa akafufuka. Alipofika nyumbani shati lilikuwa limelowa mgongo mzima, na hakunisalimia, aliuweka mfuko kwenye nyasi akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nilimkuta bado anasali rozari. Nimeolewa naye miaka yote hii, sikuwahi kumwona hivyo.

Tulikubaliana tusimwambie Mama. Tuliiweka kule chini, kwenye shimo la zamani la kufyatulia matofali, tukaizungushia mchanga. Mama alikuwa kigangoni kwenye mkutano wa wanawake. Nilipumua. Siku ile nilipika mpaka nikaimba.

Aliporudi aliinama chini ya kitanda, akainuka, hakuuliza mtu. Alichukua fimbo yake akatoka. Nilidhani ameenda kwa jirani kulalamika, nikasema afadhali, hasira zitamwisha. Nikaendelea kuchambua kahawa. Sijui ni nani aliyemwambia mahali ilipo. Nadhani alifuata nyayo za Gaspari tu.

Shemeji, niliinua macho nikamwona anapanda kutoka bondeni. Amejifunga mbeleko. Kwanza akili yangu haikunipa, nikajiuliza ni mtoto wa nani. Halafu nikaona kona ya ganda jeusi imechungulia begani. Mama yenu, kwa umri ule, na presha ile, ameibeba betri mgongoni kama mtoto, ameinama mbele, fimbo inatafuta mahali, na mlima ule umejaa mawe yanayoteleza. Nilitaka kupiga kelele nikajiziba mdomo kwa kiganja, nikajua nikimshtua ataanguka, na akianguka ataangukia mgongo. Nilishuka polepole kumlaki, nikamwomba anipe nimsaidie mzigo. Akanitazama akaniambia nimpishe njia. Harufu ile tamu ilikuwa imemzunguka. Nikageuka nikawa natembea nyuma yake, mikono nimeinyosha, kama unavyomfuata mtoto anayejifunza kutembea, na sikujua ningefanya nini na mikono hiyo.

Aliingia ndani, akaifungua mbeleko, akairudisha chini ya kitanda, akaifunika. Kisha akasema hatakula chakula cha nyumba hii. Na kweli hakula, mpaka Gaspari alipopiga magoti.

Baba Mdogo Nduwayo aliitwa tukae kikao. Mimi nilifurahi, nikajua mzee atamwambia. Gaspari alieleza yote ya Rwekaza, na safari hii hakupunguza kitu. Mama alisikiliza, akaomba arudiwe hapa na pale kwa ajili ya masikio, halafu akazungumza. Alisema hivi:

"Ng'ombe wa kupewa hatoki zizini mpaka aliyempa aje amwone. Akiumwa anaitwa. Akifa anaitwa aione ngozi. Leonidas aliyeileta ndiye atakayeitoa."

Gaspari akajaribu kusema kwamba hii si ng'ombe. Mama akamwuliza kama aliinunua au alipewa. Akasema alipewa. Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa muda mrefu akasema, kwa mila, huyu mama yenu Nyirabahizi hajakosea, mwiteni mwenye zawadi. Akachukua fimbo yake akaondoka. Nilitamani kumrushia kigoda. Hebu fikiria, watu wazima wamekaa wakakubaliana kwamba moto usubiri mila itimizwe. Lakini ukimwuliza yeyote hapa kijijini atakwambia hivyo hivyo. Ng'ombe wa zawadi ukimtoa kimya kimya umemwambia aliyekupa kwamba amekufa kwako.

Usiseme tungetumia akili. Tulitumia. Gaspari alichonga tofali la udongo likawa na ukubwa ule ule, tukalifunga kwenye blanketi Mama akiwa anaota jua. Aliingia, akaweka mkono chini ya kitanda, akauacha pale kidogo. Akatuita. Akatuuliza ni nani aliyemfanya mtoto mchanga katika nyumba hii, nasi tukairudisha betri. Kumbe kila akiamka anaigusa, na ile haijawahi kupoa. Hilo la kutopoa ndilo linalonitisha kuliko yote, maana haichajiwi tena, waya niliukata mimi mwenyewe kwa kisu cha kumenyea ndizi. Betri isiyochajiwa inapata wapi joto? Rwekaza tulimpigia tukamwuliza. Badala ya kujibu, akatuuliza kama bado iko ndani.

Utasema basi upige simu umwamuru mwenyewe. Shemeji, simu haimfai Mama. Wale matapeli wa simu, wa ile pesa itume kwenye namba hii, walimpata mwaka jana. Kijana alipiga akasema, Mama ni mimi mwanao, nimekwama, na akalia. Mama alitaka kuuza mbuzi, Gaspari akamwahi. Tangu pale sauti yoyote ya kwenye simu inayosema ni Leonidas, anairudisha kwa mkono mmoja kama chai iliyopoa. Hata ile Pasaka ulipopiga, alikusikiliza, akakuitikia vizuri kwa adabu, simu ilipokatika akatuambia huyu kijana anajua kuigiza. Hatukukwambia. Tulijua itakuuma. Leo nakwambia kwa sababu sina kingine cha kukupa ili uelewe.

Hivi ndivyo tunavyoishi sasa. Zita nimemhamishia chumbani kwetu, Mama akaona ni sawa, alisema mtoto anarusha miguu asije akaipiga betri teke. Nimepata kumshawishi jambo moja tu, kuiweka kwenye karai la mchanga. Nilimwambia mchanga unatunza joto. Nilimdanganya mama mkwe wangu, na ningemdanganya tena. Blanketi nikilitoa asubuhi, mchana liko juu yake. Ndoo ya mchanga iko mlangoni. Mlango wa chumba chake Gaspari aliung'oa bawaba akasema anaupeleka kurekebishwa, na hataurudisha. Mimi siendi mbali. Shamba la mbali siku hizi siligusi, majirani wanadhani nimekuwa mvivu.

Alhamisi nilikuwa jikoni, Mama amejilaza baada ya chakula. Nikasikia "ta", mlio mkavu, kama mtu amevunja ufito. Sikumbuki nilivyovuka ua. Nilimkuta amelala chali amefumba macho, na chini ya kitanda sauti ndogo inatoka, sss, kama soda inayofunguliwa polepole. Harufu ikanipanda kichwani. Nilipiga magoti pale sijui nishike kipi. Karai nikilivuta nitalitikisa. Mama nikimwinua ni mzito, na atashtuka. Nikakumbuka maneno ya fundi kwamba watu wakimbie, na nikajua kabisa kwamba sitakimbia, na hilo likaniogopesha zaidi, maana Zita anarudi shuleni saa nane na angeingia moja kwa moja kunitafuta. Nililia bila sauti. Baada ya kitambo ile sauti ikakoma yenyewe. Ganda lilikuwa limepasuka upande mmoja, basi. Mama akafumbua macho, akaniuliza nimepoteza nini chini ya kitanda chake. Nikamwambia sindano. Akaniambia nikiipata nisiiache huko, inaweza kuitoboa betri ya Leonidas.

Shemeji, sikuombi betri nyingine. Sikuombi nauli, wala fundi, wala ushauri. Baiskeli imesimama jikoni na kuku wanalala juu yake, na iendelee hivyo. Gaspari atatembea, baba yake alitembea. Nakuomba wewe mwenyewe, kwa miguu yako, uingie mlango huu ili Mama akuone, akuonyeshe ugonjwa wa ng'ombe wako, na wewe ulibebe lile karai ulitoe. Gaspari ameshachimba mahali kule chini, mbali na miti. Ni kazi ya dakika chache, lakini hakuna mwingine duniani anayeweza kuifanya.

Najua tangu matanga ya baba hujarudi, na najua kuna maneno yalisemwa siku ile kuhusu shamba. Mimi nilikuwa mgeni bado, nilikuwa naosha vyombo, nikayasikia. Gaspari ameyasahau. Mama sidhani kama aliyasikia kabisa. Na kama unaona haya kuja mikono mitupu baada ya miaka yote hii, njoo nayo mitupu hivyo hivyo, tunaihitaji iwe mitupu.

Najua pia bosi wako hatoi ruhusa msimu ukikaribia. Lakini kwa msiba anatoa, si ndiyo? Tukikupigia kwamba Mama ameungua, utapanda basi la kwanza, watakuchangia nauli, utafika huku umechoka na macho mekundu, na watu watasema amekuja. Mimi nakuomba upande basi hilo hilo sasa hivi, angali anaweza kukugombeza kwa kuchelewa. Nisamehe kwa maneno haya. Mtu mwoga hana adabu.

Barua hii nampa Kazimili, mtoto wa jirani, anasafiri kesho kwenda Dar. Ataikabidhi kwa mkono kwa dereva wa basi la Mtwara, na jina lako na la ghala nimeandika kwa herufi kubwa. Gaspari hajui kama nakuandikia. Akijua atanuna siku mbili, halafu atanishukuru.

Baba Mdogo Nduwayo anakusalimu, ingawa mimi kwa sasa simsalimu sana. Dada yenu Domisiana alipita wiki iliyopita na mzigo wa viazi, mzima, amenenepa, anakusalimu. Zita anamsalimu Baba Mkubwa ambaye hajawahi kumwona, na anauliza kama una ndevu. Wasalimie wote unaofanya nao kazi, na huyo mama anayekupikia, kama yupo. Sisemi kitu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, shemeji, lakini Mama ametoka nje na fimbo yake, amekuja kukaa kwenye benchi ubavuni mwangu. Ameniuliza ninamwandikia nani. Nimemwambia kwa sauti kubwa, Leonidas. Karatasi hana wasiwasi nayo, karatasi si simu. Ametazama mgombani mpaka nikadhani amesinzia. Sasa amenigusa mkono akasema niandike neno lake, na nisibadilishe. Naliandika kama lilivyotoka:

"Mwambie betri yake naitunza. Haijapata baridi hata siku moja. Halafu mwulize na yeye, huko aliko, kama anajifunika."

Mungu akufungulie njia, akulinde barabarani, akulete tukiwa bado tupo wote. Amina.

Ni mimi shemeji yako ninayekupenda na kutazama barabara,

Francisca Gaspari